Kukata Mfululizo wa Wakati: Historia ya Mabano na Dirisha katika Lugha ya S na Mrithi Wake R

Ni desturi ya wanaisimu kuziacha kando lugha zilizobuniwa kwa ajili ya tarakilishi, kwa hoja kwamba hazina wazawa, hazina lahaja, wala hazisemwi sokoni. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inaficha jambo moja: lugha hizo nazo zina historia, zina sarufi inayorithiwa, na zina mahali ambapo watumiaji wake wamegombana juu ya maana kwa miaka mingi. Makala haya yanafuatilia mgogoro mmoja wa aina hiyo katika lugha ya takwimu iitwayo S, iliyozaliwa Marekani mwaka 1976, na katika mrithi wake, lugha ya R, inayotumika leo katika vyuo vikuu vya pande zote za dunia, vya Afrika Mashariki vikiwemo. Mgogoro wenyewe ni huu: mtu akikata kipande cha mfululizo wa vipimo vilivyochukuliwa mwaka baada ya mwaka, je, kipande hicho kinaendelea kujua kilitoka mwaka gani?

Mfululizo wa wakati ni orodha ya namba zilizopimwa kwa kufuatana, kila moja ikiwa na saa, siku, mwezi au mwaka wake. Mfano unaojulikana sana miongoni mwa watumiaji wa R ni ule wa maji ya Mto Naili, uliowekwa ndani ya lugha yenyewe kwa jina la Nile ili wanafunzi waujaribie. Mna namba 100 humo, moja kwa kila mwaka tangu 1871 hadi 1970, zikieleza kiasi cha maji yaliyopita Aswan, Misri, katika kila mwaka. Kipimo chake ni mita za ujazo milioni mia moja. Hivyo namba ya kwanza, 1120, maana yake ni mita za ujazo bilioni 112. Mfululizo huo una faida kwa makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, mto wenyewe unapokea maji ya ziwa ambalo nchi tatu za Afrika Mashariki zimelizunguka. Pili, ndani ya namba hizo mna swali la kihistoria ambalo jibu lake linategemea mahali mkataji anapoweka kisu.

Namba yoyote katika orodha kama hiyo yaweza kutajwa kwa njia mbili. Yaweza kutajwa kwa nafasi yake katika foleni, yaani ya kwanza, ya kumi, ya ishirini na nane. Au yaweza kutajwa kwa wakati wake, yaani ya mwaka 1871, ya 1880, ya 1898. Katika Naili, ya ishirini na nane na ya mwaka 1898 ni namba ile ile, nayo ni 1100. Lakini kutajwa mara mbili si kutajwa kwa namna moja. Nafasi hubadilika mara tu orodha inapoguswa: mwaka mmoja ukiondolewa mwanzoni, iliyokuwa ya ishirini na nane huwa ya ishirini na saba. Mwaka 1898 haubadiliki kwa kuondolewa jirani zake.

Waswahili hawana haja ya kufunzwa tofauti hii na wageni. Majina ya siku katika Kiswahili, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, ni majina ya nafasi, yakihesabiwa baada ya Ijumaa. Ndiyo maana mgeni aliyezoea wiki inayoanza Jumatatu hustaajabu kuambiwa kwamba siku yake ya kwanza ni ya tatu. Mabaharia na wakulima wa pwani nao waliuhesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo wakajua lini pa kutazamia kaskazi na lini kusi. Ni hesabu ya nafasi, na ilikuwa na kasoro ya hesabu zote za nafasi: kwa kuwa haikuwa na siku ya mwaka mrefu, iliteleza polepole kutoka katika majira ya jua. Bara, kwa upande mwingine, miaka mingi ilipewa majina. Njaa iliyoingia Ukambani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa huitwa Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali, na msimuliaji anaweza kuichukua habari hiyo peke yake, bila ya miaka iliyotangulia wala iliyofuata, na bado msikilizaji akajua ni lini. Kipande kilichokatwa kimebaki na jina lake. Hilo ndilo ambalo wabunifu wa S walikuwa na budi ya kulifanyia uamuzi.

Kazi ya S ilianza katika Maabara ya Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey, mwezi Mei 1976, katika mazungumzo ya kikundi kidogo cha watafiti wa takwimu. Wawili waliobaki kuwa nguzo zake ni John Chambers na Richard Becker. Allan Wilks aliungana nao baadaye. Kabla ya hapo wanatakwimu wa maabara hiyo walitumia maktaba ya programu ndogo ndogo zilizoandikwa kwa Fortran, na kila uchunguzi mpya, hata ukiwa mdogo, ulidai kuandikwa kwa programu mpya ya kuziita zile ndogo. Chambers na wenzake walitaka kitu cha mazungumzo: mtafiti aandike sentensi moja, apate jibu, kisha jibu lile limwongoze katika sentensi inayofuata. John Tukey, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa akihubiri wakati ule ule haja ya kuzitazama data kabla ya kuzihukumu, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1977. Ama jina la lugha, majina mengi ya kifupisho yalipendekezwa bila ya kupatana. Yote yalikuwa na herufi S, na kwa kuwa maabara hiyo hiyo ilikuwa tayari na lugha iitwayo kwa herufi moja, C, wakaridhika na herufi S peke yake.

Ni muhimu kukumbuka kwamba maabara hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya simu. Data za kampuni ya simu ni za mwezi baada ya mwezi: simu ngapi zimepigwa, laini ngapi zimeongezwa, na mapato yamepanda au yameshuka kuliko Januari iliyopita. Haikuwezekana lugha iliyozaliwa mahali hapo isiupe wakati makao ndani ya sarufi yake. Kitabu cha mwaka 1988, kilichoandikwa na Becker, Chambers na Wilks, ambacho wasomaji hukiita kwa rangi ya jalada lake, Kitabu cha Buluu, kinaeleza kitu kiitwacho ts na sifa yake iitwayo tsp. Sifa hiyo si orodha ya tarehe. Ni namba tatu tu: mwanzo wa mfululizo, mwisho wake, na idadi ya vipimo katika kila kipindi kimoja. Kwa Naili namba hizo ni 1871, 1970 na 1. Kwa mfululizo mwingine maarufu, ule wa abiria wa ndege za kimataifa kwa kila mwezi tangu Januari 1949 hadi Desemba 1960, ambao George Box na Gwilym Jenkins waliutumia katika kitabu chao cha 1970, namba hizo ni 1949, 1960.917 na 12.

Uchumi wa mpango huu unastahili kusifiwa. Tarakilishi za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kuandika tarehe 144 pembeni mwa namba 144 kungekuwa ufujaji, maadamu tarehe zote zingeweza kukokotolewa kutoka katika tatu. Lakini uchumi huo una sharti lake: hatua kati ya kipimo na kipimo lazima iwe ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Mfululizo wenye pengo, au wenye vipimo vya siku za kazi tu, hauna mahali katika ts ila kwa hila. Aidha, namba 1960.917 inahitaji maelezo. Desemba ni mwezi wa kumi na mbili, na kwa kuwa Januari huhesabiwa kuwa mwanzo wa mwaka bila ya sehemu yoyote kupita, Desemba huanguka baada ya kumi na moja ya kumi na mbili ya mwaka. Sehemu hiyo haiandikiki kwa ukamilifu katika hesabu ya mbili ambayo tarakilishi huitumia, kama vile theluthi moja isivyoandikika kwa ukamilifu kwa desimali. Kwa hiyo tarakilishi ikiulizwa kama wakati huu ni sawa na wakati ule, haiwezi kudai usawa kamili. R huvumilia tofauti iliyo chini ya sehemu moja katika laki moja, na uvumilivu huo umewekewa jina lake, ts.eps. Ni nadra lugha kukiri waziwazi kiasi hicho kwamba neno "sasa" lina unene.

Sasa kuhusu kukata. S iliwapa watumiaji wake vyombo viwili. Cha kwanza ni mabano ya mraba, ambayo hutumika kwa kila aina ya orodha: mtu akiandika Nile[1:28] ameomba namba ya kwanza hadi ya ishirini na nane. Cha pili ni amri iitwayo window, yaani dirisha: mtu akiandika window(Nile, end = 1898) ameomba kila kilichopo hadi mwaka 1898. Namba zinazorudi ni zile zile ishirini na nane. Lakini zile zilizopita katika dirisha zinarudi zikiwa bado ts, zikiwa na tsp mpya ya 1871, 1898 na 1. Na zile zilizopita katika mabano, katika R, zinarudi zikiwa namba tupu. Mwaka umeachwa mlangoni. Tashbihi iliyochaguliwa inafaa kuangaliwa na wapenda lugha: dirisha halikati kitu, bali humwonyesha mtazamaji sehemu ya mandhari iliyobaki mahali pake, mabano ndiyo yenye tendo la kukata na kuchukua.

Kabla ya kuendelea, yafaa kueleza jinsi R ilivyoingia. Ross Ihaka na Robert Gentleman, waalimu wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza lugha ndogo ya kufundishia. Ndani yake waliweka mawazo ya lugha ya Scheme, lakini kwa nje waliivika sarufi ya S, kwa kuwa ndiyo iliyojulikana na wanatakwimu. Mwaka 1995 waliitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza bure. Makala yao ya kuieleza yalitoka 1996, na mwaka 1997 kikapatikana kikundi cha kuitunza, Chambers mwenyewe akiwa miongoni mwa waliojiunga nacho. Toleo la 1.0.0 lilitangazwa tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo kwa wenye kupenda mambo ya kalenda haikosi ucheshi. Jambo la kushika hapa ni kwamba R ilirithi kutoka kwa S si maneno tu, bali pia mgawanyo wa kazi kati ya mabano na dirisha.

Watumiaji wengi, hasa wanaojifunza wenyewe, wameuona mgawanyo huo kuwa dosari. Mtu anakata mfululizo wake kwa mabano, kama alivyofundishwa kukata orodha nyingine zote, kisha anachora mchoro, na mstari wa chini unaonyesha 1, 2, 3 badala ya miaka. Huo ni msiba mdogo kwa kuwa unaonekana. Mkubwa ni ule usioonekana. Mtu akijumlisha au kutoa mifululizo miwili iliyo bado ts, R hutazama kwanza tsp ya kila mmoja na kuchukua miaka inayopatikana katika yote miwili, hivyo 1896 hukutana na 1896. Akifanya hivyo kwa namba tupu, ya kwanza hukutana na ya kwanza. Chukua mfano wa mtafiti mwenye mfululizo wa Naili unaoanza 1871 na mwingine wa ziwa unaoanza 1896. Akivikata vipande vya namba 75 kwa mabano na kuviweka sambamba, vina urefu mmoja, tarakilishi hailalamiki, na kila mwaka umeolewa na mwaka uliofuata baada ya robo karne. Hakuna onyo litakalotolewa, kwa sababu hakuna tena kitu kinachoweza kujua kwamba pana kosa.

Hata hivyo, kuyaita mabano ya R dosari ni kuhukumu haraka mno. Mabano yanaruhusu kuomba chochote: ya tatu, ya tisa na ya arobaini, au zile zote zilizozidi 1000, au zote kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Kitu kinachorudi kutoka katika maombi kama hayo si mfululizo wenye hatua sawa, na tsp yenye namba tatu haiwezi kukieleza. Lugha ingekuwa na hiari mbili: kuongopa, yaani kukipa kipande tarehe zisizo zake, au kunyamaza. Ilichagua kunyamaza. Dirisha, kinyume chake, halikubali ombi lolote litakalovunja hatua. Laweza kupunguza miisho, na laweza pia kuruka kwa hatua sawa. Kwa mfano, katika mfululizo wa abiria, mtu akiagiza dirisha linaloanza mwezi wa saba wa 1949 na kwenda kwa hatua ya mwaka mmoja, atapata Julai zote kumi na mbili, kuanzia abiria elfu 148 hadi elfu 622 za mwaka 1960, na kila moja ingali na wakati wake, yaani 1949.5 na kuendelea. Na mtu akiomba dirisha lianzie kabla ya mwanzo wa mfululizo, R humwambia kwamba mwanzo haukubadilishwa, wala haibuni miaka isiyokuwepo.

Pana hoja nyingine, ya ndani zaidi, ambayo wanaolalamika huisahau. Tuseme mtu anataka kujua maji yaliongezeka au yalipungua kwa kiasi gani kutoka mwaka hadi mwaka. Njia ya zamani ni kuchukua orodha isiyo na namba ya kwanza na kuitoa orodha isiyo na namba ya mwisho: Nile[-1] - Nile[-100]. Katika R hesabu hiyo inatoa tofauti 99, nazo ni sahihi, kwa sababu tu mabano yamezisahaulisha namba miaka yake na ya pili ikakubali kukutana na ya kwanza. Lau mabano yangehifadhi tarehe, kila mwaka ungetafuta mwaka uliolingana nao katika orodha ya pili, 1872 ungetolewa 1872, na jibu lingekuwa sifuri mahali pote. Hivi ndivyo inavyotokea kwa hakika katika mkoba wa programu uitwao zoo, utakaoelezwa hapa chini: hesabu ile ile hutoa sifuri 98. Kwa hiyo kusahau wakati si uzembe siku zote. Kuna maswali yanayohitaji namba zilizosahau na mengine yanayohitaji namba zinazokumbuka, na lugha isiyotofautisha haya mawili humlazimisha mtumiaji kukosea katika mojawapo.

Swali la Naili ni la aina ya pili. Ukizitazama namba zake kwa macho tu, miaka ya mwanzo ni ya maji mengi na miaka ya baadaye ni ya maji machache, na kushuka huko hakukuwa kwa polepole. Katika miaka 28 ya kwanza, hadi 1898, wastani ni karibu 1098. Katika miaka 72 iliyobaki wastani ni 850. Upungufu huo wa karibu mita za ujazo bilioni 25 kila mwaka si jambo la kupitwa bila kuulizwa sababu, na kwa nchi kama Misri ni swali la uhai. G. W. Cobb alilitumia tatizo hili katika makala yaliyotoka katika jarida la Biometrika mwaka 1978, na tangu hapo mfululizo huu umekuwa uwanja wa mazoezi kwa kila mwenye mbinu mpya ya kutafuta mahali ambapo mfululizo hubadilika. Jibu linaloelekea kukubaliwa na wengi ni kwamba badiliko lilikuja baada ya 1898.

Mwenye haraka angesema kwamba sababu inajulikana: Waingereza walijenga bwawa la kwanza la Aswan, na bwawa hupunguza maji. Lakini bwawa lilikamilika 1902. Anayekata kwa kuamini bwawa hukata baada ya 1902, na vipande vyake viwili humpa wastani wa 1060 na 853. Bado pana tofauti kubwa, naye anaweza kuridhika. Hapo ndipo mahali pa kukata panapoonyesha uzito wake. Miaka minne inayobishaniwa, 1899 hadi 1902, ina namba 774, 840, 874 na 694. Hakuna hata moja inayofika 900, ilhali katika miaka 28 iliyotangulia ni miwili tu, 1877 na 1888, iliyoshuka chini ya 900. Miaka minne hiyo, kwa sura yake, ni ya upande wa ukame, na ilitangulia kukamilika kwa bwawa. Anayeisukuma upande wa kwanza huuficha ushahidi ndani ya wastani. Hoja nzima, kama msomaji anavyoona, imesimama juu ya nafasi nne katika orodha ya mia. Mtu aliyepoteza tarehe zake na kuhesabu nafasi kwa kidole hawezi kuijenga wala kuibomoa.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Ukambani, Ugikuyu na sehemu nyingine za nchi ambayo baadaye ikawa Kenya zilikumbwa na ile njaa iliyotajwa. Haifai kuunganisha mambo haya kwa kamba nene kuliko yanavyostahimili: maji mengi ya gharika yanayofika Aswan hutoka katika milima ya Ethiopia, si katika Ziwa Viktoria, na mvua ya Ukambani haiendi Naili hata kidogo. Lakini mtafiti anayetaka kupima kama ukame ulikuwa mpana, ukigusa Ethiopia, maziwa na bara la mashariki kwa wakati mmoja, atahitaji kuweka sambamba mifululizo iliyoanza miaka mbalimbali, mingine ya namba na mingine ya majina ya njaa, na kitu pekee kitakachoipatanisha ni wakati wake. Ncha ya pili ya mfululizo ina ukumbusho wa namna hiyo. Mvua kubwa za mwaka 1961, ambazo wazee wa Kenya huzikumbuka pamoja na habari za kukaribia uhuru, ziliinua Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964; na namba ya mwaka 1964 katika mfululizo wa Naili ni 1170, kubwa kuliko zote tangu 1896.

Kufikia mwanzo wa karne hii, sharti la hatua sawa lilikuwa limewachosha wengi, hasa wale wa masoko ya fedha, ambao bei zao hufika wakati wowote na hazifiki siku za mapumziko. Achim Zeileis na Gabor Grothendieck walieleza mwaka 2005 mkoba wa zoo, ambao kila namba hubeba wakati wake mwenyewe pembeni, na hivyo mabano yanaweza kukata vyovyote bila ya kupoteza kitu. Kumbukumbu ya tarakilishi ilikuwa imekuwa rahisi, na ule uchumi wa namba tatu haukuwa tena wa lazima. Lakini ufumbuzi ulizaa utata mpya, ambao mwanaisimu atautambua mara moja. Katika zoo yenye wakati wa miaka, mtu akiandika z[1898], je, anataka ya mwaka 1898, au ya elfu moja mia nane tisini na nane katika foleni? Waandishi waliamua kwamba namba peke yake ni nafasi. Anayetaka mwaka lazima aifunike namba kwa alama ya pekee, aandike z[I(1898)], karibu kama vile mwandishi wa Kiswahili anavyolazimika kuongeza neno "mwaka" ili 1898 isisomwe kuwa idadi.

Jeffrey Ryan na Joshua Ulrich, waliotoa mkoba wa xts mwaka 2008, waliuondoa utata huo kwa njia nyingine: nafasi huandikwa kwa tarakimu, na wakati huandikwa kama maneno, ndani ya alama za kunukuu, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku ambao shirika la kimataifa la viwango liliuweka katika kanuni ya ISO 8601. Kwa mfululizo wenye tarehe kamili, "1899/1902" humaanisha miaka minne hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, "/1898" humaanisha kila kilichotangulia pamoja na 1898 yenyewe, na "1964-07" humaanisha mwezi mmoja tu. Huu ni ufasaha wa kweli. Mtu anaandika ndani ya mabano jinsi angeandika juu ya barua, na nusu ya tarehe ikikosekana lugha hujaza kwa maana ya kawaida. Earo Wang, Dianne Cook na Rob Hyndman, wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikwenda upande mwingine katika makala yao ya 2020 juu ya tsibble: wakati umekuwa safu ya jedwali kama safu nyingine, na kukata ni kuchagua mistari ambayo mwaka wake unatimiza sharti.

Pamoja na hayo yote, ts haikuondolewa. Mfululizo wa Naili unaokuja na R ungali na namba zake tatu, na mabano ungali ukiyapitia kwa namna ile ile. Anayeandika Nile[1898] leo, akitumaini kupata mwaka wa mwisho wa maji mengi, hapati 1100. Anapata NA, alama ambayo lugha hiyo huitumia kwa kitu kisichojulikana, kwa sababu foleni ina watu mia moja tu na yeye ameita wa elfu moja mia nane tisini na nane.